Kwikwi ya Saa Kumi na Mbili

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, lakini mapafu anayo. Tangu anioe, na hata kabla, yeye ndiye mpiga tarumbeta wa kambi yetu: lile tarumbeta fupi la shaba lisilo na kitufe hata kimoja, ambalo kila kitu ni midomo na pumzi. Wanetu hawakuamshwa kwa kuitwa majina. Aliwapigia mlio wa alfajiri kwa midomo mitupu, na wa chakula aliupiga akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mkubwa wao alipoanza shule, kengele ililia akasimama wima na kumpigia mwalimu saluti.

Zamani, ananiambia, kabla ya redio na simu, ndivyo jeshi zima lilivyosemeshwa: amkeni, njooni mle, pangeni mstari, fungeni lango. Siku hizi askari anaamshwa na simu yake chini ya mto, na milio mingi imebaki ya sherehe tu. Uliobaki kazini kila siku ni mmoja, mlio wa saa kumi na mbili jioni wa kushusha bendera. Na katikati ya mlio huo pana kwikwi.

Sauti inapanda, inapanda, halafu kabla haijafika juu inakatika, kwi! Kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo kwenye kwikwi ndipo askari wa bendera wanapoanza kuvuta kamba na gwaride zima linapiga saluti. Kuruta wanafundishwa kuwa ni kumbukumbu ya mpiga tarumbeta aliyepigwa risasi katikati ya mlio. Sajenti mmoja alinisimulia mkasa huo mimi mwenyewe, machozi yakimlengalenga. Nilijifanya nakohoa.

Risasi haikuwapo. Nilikuwapo mimi. Nilikuwa binti wa mpishi wa kambi, natoka bombani na ndoo kichwani, na yule kijana mgeni alikuwa anapiga mlio wa jioni kwa mara yake ya kwanza. Mashavu yamemvimba, macho yamemtoka pima. Nami kwa utundu wangu nikavimbisha yangu vilevile, nikamtumbulia macho. Cheko likamponyoka ndani ya tarumbeta. Askari wa bendera walikuwa wamempa mgongo, wakadhani ni ishara, wakaanza kuvuta. Mkuu wa kambi wa wakati huo akapendezwa na jinsi mambo yote yalivyokwenda pamoja.

"Safi sana!" akasema. "Kuanzia leo iwe hivyohivyo."

Basi ikawa amri. Kesho yake kijana wa watu ikabidi aitie kwikwi kwa makusudi, na mimi nikapita tena na ndoo ambayo, nikwambie kweli, haikuwa na tone la maji.

Tukaoana. Kila jioni, niwe jikoni au naanua nguo, ilipofika kwikwi nilijua natajwa mbele ya jeshi zima na hakuna ajuaye. Tukigombana asubuhi, jioni aliivuta kidogo, kwiii, nami nikajua ameniomba radhi. Mdomo wake haukuzoea neno samahani, lakini tarumbeta lilikuwa linalijua.

Wiki ya kustaafu kwake akaja mkuu mpya wa bendi, kijana mpole, msomi wa muziki. Alimwamkia mume wangu kwa heshima zote, kisha akamwonyesha karatasi.

"Samahani, mzee. Hiki kitu unachopiga katikati hakimo humu. Mgeni rasmi ni mtu anayeujua muziki, na ni siku ya kukuaga. Tuupige kama ulivyoandikwa."

"Ndiyo, afande."

Aliponieleza nyumbani, sufuria nililoshika lilitua mezani kwa kishindo.

"Umemwambia ndiyo?"

"Amri ni amri, mama watoto."

"Na mimi je?"

Akatazama ndani ya kikombe chake. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba jeshi zima linampigia saluti binti wa mpishi?"

"Ndiyo! Ungemwambia hivyohivyo!"

Alikwenda nyuma ya nyumba kufanya mazoezi, na mlio ukatoka laini, bila mkwaruzo. Ulikuwa mzuri. Niliuchukia. Wiki nzima alikunywa chai isiyo na sukari, na hakuthubutu kuuliza sababu.

Siku yenyewe nilikaa mstari wa mbele na gauni jipya na kilemba cha bei mbaya. Nilikuwa nimejiapiza nitabasamu, maana siku ilikuwa yake. Akainua tarumbeta. Sauti ikapanda, ikapanda, ikafika juu imenyooka. Moyo uliniuma kama nimefutwa jina.

Halafu nikaona hakuna anayesogea.

Mkuu wa bendi alikuwa amemfanyisha mume wangu mazoezi ya mlio mpya ndani ya chumba cha bendi tu, jioni uwanjani kwikwi ikiendelea kama kawaida, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia watu wa bendera. Walisimama na kamba mikononi, migongo kwetu, wakisubiri kwikwi. Gwaride zima likasubiri kwikwi. Bendera ikabaki kule juu ikipepea bila hili wala lile. Na mpiga tarumbeta hanyamazi bendera ikiwa juu, hiyo ndiyo sheria aliyoishi nayo. Akafika sauti ya mwisho, akakwama nayo.

Aliivuta. Mishipa ya shingo ikamsimama. Mkuu wa bendi akapunga mikono kwa watu wasiomwona. Mgeni rasmi alikuwa ameinua mkono nusu, hajui apige saluti au ajikune sikio. Ungesema mume wangu si angeitia tu mwenyewe? Humjui. Alipewa amri, na angeanguka palepale kabla ya kuivunja.

Nikainuka. Nyuma ya viti palikuwa na ndoo ya plastiki iliyowekewa maua ya mgeni rasmi. Nikaibeba na maua yake, nikaitua juu ya kilemba.

"Dada, unakwenda wapi?" mke wa sajenti akaninong'oneza.

"Bombani."

Nikapita mbele ya wakubwa wote, maji yakinichuruzika mabegani, hadi mahali anaponiona. Nikageuka. Nikavimbisha mashavu, nikamtumbulia macho.

Kwiiii!

Sijawahi kusikia kwikwi kama ile. Buti zikagonga ardhi kwa pamoja, mikono ikapanda, kamba ikaanza kulia kwenye mlingoti. Akavuta pumzi, akarudia sehemu ya mwisho, na bendera ikafika mikononi mwa askari pamoja na sauti yake ya mwisho. Alikuwa analia na kucheka. Mimi pia, na hayo hayakuwa maji ya ndoo.

Mgeni rasmi aliupenda mlio, hasa "ile ya katikati". Mkuu wa bendi akatufuata na karatasi yake na penseli, nami nikakaza uso tayari kwa karipio.

"Mzee," akasema, "nitaiandikaje? Haina alama kwenye muziki."

Mume wangu, mtu wa maneno machache, akaniwekea mkono kwenye bega lililolowa, mbele ya kambi nzima.

"Andika hapo: anapita mke wangu."

Kijana akanitazama, akaitazama ndoo, akaandika.

Sasa tunaishi nje ya ukuta wa kambi, na tarumbeta analipiga mwingine. Ikifika saa kumi na mbili mlio unatufikia hadi barazani, na kwenye kwikwi mume wangu huweka kikombe chini, akasimama wima, akanipigia saluti. Chai yake siku hizi naitia sukari.