Kiroba cha Michembe

Brigita alikiangalia kile kiroba asijue kama ametukanwa au ameombwa radhi. Jumatatu ng'ombe wa akina Minza, Wasukuma waliohamia Nkowe mwanzoni mwa mwaka, walikuwa wameingia shambani kwake wakafyeka mbaazi zilizobakiza wiki mbili kuvunwa. Alhamisi angesimama mbele ya mtendaji wa kata, na neno lake ndilo lingeamua kama familia ile ibaki au ifungashe virago. Leo Jumatano, asubuhi na mapema, Minza mwenyewe amekuja, ametua kiroba mlangoni, akasema, "Mama Fidelis, pokea chakula," kisha huyo, kaondoka hata kabla ya kukaribishwa.

Ndani mlikuwa na vipande vikavu vya kahawia, vimejikunjakunja. Kwa Brigita, kitu cha namna hiyo ni makopa tu, muhogo uliokaushwa, na makopa ya rangi ile yameharibika. Hasira zikampanda. Ng'ombe wamekula kizuri, yeye analetewa kibovu. Alitaka kumwaga, ila mama yake, Bi Rosa, akasema chakula hakimwagwi. Basi akatwanga, akachekecha, akainjika sufuria.

Ugali ule ulimtoa jasho. Kila akiusonga unang'ang'ania mwiko, na alipouonja ulikuwa mtamu. Sasa ugali mtamu unaulaje na kisamvu cha korosho? Bi Rosa akala tonge moja, akala la pili, akaomba aongezwe. Brigita akazidi kuchanganyikiwa. Akafunga unga uliobaki kwenye kanga, akaenda kwa Minza kumuuliza amewalisha nini.

Minza alipouona unga alikaa chini taratibu.

"Umetwanga michembe, mama?"

"Nimetwanga makopa yako mabovu."

"Hivi ni viazi vitamu. Tunakata, tunaanika. Michembe haitwangwi, inachemshwa tu, unakula na karanga." Akauchota unga kidogo, akaurudisha. "Ndiyo niliyokuja nayo kutoka kwetu. Ndiyo iliyokuwa imebaki."

Hakulalamika, na hapo ndipo Brigita alipoumia.

"Sasa ninyi mtakula nini?"

Minza akafunua chungu. Mlikuwa na ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo watu wa Nkowe huichimba kiangazi, wakaichemsha kwa chumvi na pilipili. Huyu alikuwa ameimenya akaiponda na maziwa. Brigita hakuwahi kusikia uchuro wa namna hiyo. Akaonja, ili tu apate la kusema. Akaonja tena. Alitaka kuchukia, chuki haikuja. Alitaka kusifu, akaona haya kusifu maziwa ya ng'ombe waliomlia mbaazi zake. Akaaga, akaondoka.

Nyumbani Bi Rosa alikuwa akikwangua sufuria.

"Kesho utasemaje?"

"Sijui, mama. Kichwa kimevurugika."

"Mama yangu alipovuka Ruvuma kutoka Msumbiji alijitwisha makopa," Bi Rosa alisema. "Hapa walikuwa wanakula mtama. Wakamcheka, wanasema Mmakonde huyu anatwanga kuni."

Brigita aligeuka. Makopa aliyajua kuwa chakula cha Nkowe tangu dunia iumbwe, na yeye Mmwera wa hapahapa.

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unakula tu."

Usiku huo hakupata usingizi. Alijilaumu, akamlaumu Minza, akawalaumu ng'ombe, kisha akarudi kujilaumu.

Alhamisi mtendaji alifungua daftari. Minza na mumewe walikaa kwenye benchi la nyuma, wameinamisha vichwa.

"Haya mama, wewe mwenyeji wa hapa, unasemaje juu ya hawa wageni?"

Brigita aligeuka akawatazama wale wa benchi la nyuma.

"Wabaki," alisema. "Ng'ombe wafungiwe zizini, na msimu ukifika wanilimie shamba."

Mtendaji akaandika, akaanza kumsomea: "Mimi, Brigita, mwenyeji wa Nkowe..."

"Hapo pa mwenyeji pafute kwanza," Brigita alimkatiza.

"Niandike nini sasa?"

"Hata mimi sijui."