Hamsini ya Maiti

Mtaa wa kina Basil, huko nyuma ya Malindi ya Unguja mjini, una sheria mbili ambazo hakuna aliyezitunga wala anayethubutu kuzivunja. Ya kwanza, gari ya maziko haikataliwi. Ya pili, maiti haendeshwi zaidi ya hamsini.

Gari yenyewe ni pikapu ya Basil. Aliyeinunua ni marehemu baba yake, na siku aliyoileta aliweka nadhiri kwamba haitomkataa maiti wa mtu yeyote, awe tajiri au asiye na mbele wala nyuma. Kwa hiyo ufunguo hutundikwa msumarini nyuma ya mlango. Mwenye msiba huingia, husema "maziko", huuchukua akenda zake. Haulizwi atarudi saa ngapi wala nani anaendesha, kwa sababu anayeendesha anajulikana. Ni Mzee Abdulhakim.

Mzee Abdulhakim aliendesha lori la shamba la serikali la Kizimbani mpaka akastaafu, na barabara za upande ule anazijua kama njia ya kwenda chooni kwake. Akimpakia maiti, macho yake hayabanduki kwenye mshale wa spidi. Ukigusa hamsini, mguu unanyanyuka. Vijana humtania, "Mzee, maiti wako atafika siku ya kiyama." Naye hujibu, "Alokufa hana haraka, mwanangu. Mwenye haraka ni wewe." Watu wakalipa jambo lile jina, hamsini ya maiti, na mtu akichelewa popote huambiwa kaja kwa hamsini ya maiti.

Siku zisizo na msiba, pikapu ilikuwa na kazi yake. Basil alichukua mashuka machafu ya hoteli za Kiwengwa akayaleta mjini kwa madobi, kesho yake akayarudisha meupe. Kazi safi, mzigo mwepesi, lami mwanzo mwisho. Balaa lilikuwa petroli. Ilipanda, watu wakasema itashuka, ikapanda tena. Hoteli nazo hazikutaka kusikia. Basil akawa anaendesha huku roho yake iko kwenye mshale wa mafuta, na akifika nyumbani mkewe Badriya anamjua kwa namna anavyovua viatu kama siku imemlipa au imemla.

Fundi wake alikuwa Ubwa, wa Saateni, mtu wa maneno mengi lakini mikono yake haina ubishi. Siku moja akaingia chini ya pikapu, akaligonga kwa spana lile pande la chuma la mviringo lililo baina ya matairi ya nyuma.

"Gari hii imezaliwa kubeba mawe, wewe unaibebesha mashuka," akasema. "Hili difu lako la nguvu. Shafti hii inayotoka kwenye giaboksi lazima izunguke mara nne na ushei ndiyo tairi lizunguke mara moja. Mlimani na mzigo, sawa. Lakini kwenye lami ya Kiwengwa injini inapiga kelele bure, na kelele ile ndiyo petroli yako. Mimi nnalo difu la gari nyepesi. Shafti mara tatu na nusu tu, tairi lishazunguka. Spidi ile ile, injini imetulia."

"Na ubaya wake?" Basil akauliza, maana si mtoto mdogo.

"Mlimani itachoka. Mteremkoni haitokushika kama zamani, gia ya tatu itakuwa kama ya nne. Na jengine. Mshale wa spidi unapimia kwenye giaboksi, haujui kuwa huku nyuma tumebadilisha. Ukisoma hamsini, gari iko sitini. Kuna kigia kidogo cha plastiki cha kuurekebisha, ntakiagiza Dar. Kwa sasa jumlisha mwenyewe kichwani."

Likafungwa difu. Na likafanya kazi, hilo lazima lisemwe, kwani lingeshindwa Basil angelirudisha la zamani siku ya pili na leo tusingekuwa na la kusimulia. Halikuwa muujiza. Lakini kila wiki tangini kulibaki kitu ambacho zamani hakikubaki, na hicho kitu kikawa samaki wa Ijumaa, kikawa viatu vya Badriya. Injini ikanguruma polepole kama mtu aliyeshiba. Basil alifurahi, na nani angemlaumu?

Kigia kikaja kutoka Dar. Ubwa akapiga simu, "Njoo nikutilie, kazi ya siku moja." Siku moja bila gari ni siku moja ya mashuka kulala Kiwengwa. Basil akasema wiki ijayo. Wiki ijayo akasema wiki ijayo. Kichwa chake kilishazoea kujumlisha, na aliyezoea kujumlisha haoni haja ya kigia. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijiambia.

Tangu difu lifungwe gari ilikuwa haijaitwa mazikoni. Akafa Bi Shemsa, bibi mwenye umri wake, kafa kitandani pake. Watu wake wote wamezikwa shamba, mbele kidogo ya Kizimbani, na yeye aliusia akalazwe huko. Mjukuu wake Ayoub akaingia kwa Basil asubuhi, macho mekundu, akasema, "Maziko." Akaunyoosha mkono nyuma ya mlango akauchukua ufunguo.

Basil alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari juu ya ulimi, mwambie mzee mshale unasema uongo. Lakini utamwambiaje mfiwa khabari za gari yako? Kumwambia mtu mwenye maiti ndani "angalia hiki, angalia kile" ni kumwekea masharti juu ya nadhiri ya baba yako. Mtaani pale ni aibu ya kusemwa mpaka kwa wajukuu. Akasema, "Mungu awape subira." Akajiambia atamwona Mzee Abdulhakim msikitini.

Msikitini alimwona. Alimwona yumo ndani ya gari, jeneza lishapakiwa, wanaume wameshapanda wamelizunguka, Ayoub ameshika upande wa kichwa, watu wanaitikia dhikri kwa sauti moja, hakuna pa kupenyeza neno. Pikapu ikaondoka. Basil akapanda gari ya nyuma, ya jirani yao Ridhwan.

Walipoiacha Bububu nyuma yao Ridhwan akacheka kidogo. "Leo Mzee Abdulhakim kavunja sheria yake. Mimi niko sitini na simpati."

Basil akautazama mshale wa Ridhwan. Sitini kweli. Angeweza kusema, mpigie honi. Lakini nani anampigia honi maiti? Angeweza kusema, mpite, umsimamishe. Watu wangeuliza kwa nini, na jibu lake angelitoa mbele ya jeneza. Akajiambia mzee atapunguza mteremkoni, njia hii yake.

Mzee hakupunguza, kwa sababu mshale ulimwambia amekwisha kupunguza. Alitia gia ya tatu pale pale alipokuwa akiitia miaka yote na lori la serikali, akingoja injini iishike gari. Injini haikushika kitu. Kwenye kona ya chini pikapu ikalala upande mmoja, na uzito wa wanaume wote wale ukaenda nao, ikapinduka mtaroni chini ya mikarafuu.

Jeneza lilikutwa majanini, limefunguka, sanda ya Bi Shemsa ina udongo. Wengine walivunjika mikono, wengine mbavu. Mzee Abdulhakim alivunjika mguu. Ayoub hakuliachia jeneza mpaka mwisho, na gari ikamwangukia. Jioni ile shamba walichimba kaburi la pili, ubavuni mwa la bibi yake.

Askari wa barabarani alimhoji Basil kama alivyomhoji kila mtu. Breki zilikuwa nzima? Nzima. Matairi? Mapya. Usukani? Hauna neno. Yote yalikuwa kweli. Difu hakuulizwa. Ridhwan naye alisema kweli yake, kwamba mbele yao mzee alikuwa anakwenda zaidi ya sitini.

Mzee Abdulhakim alipotoka hospitali alikwenda na mkongojo wake kwa Mwanapili, binti wa Bi Shemsa, mama yake Ayoub. Mwanapili alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia.

"Ulikuwa unamkimbizia nini mama yangu, Mzee Abdulhakim? Alikuwa keshakufa."

"Wallahi, billahi, tallahi, Bi Mwanapili, nlikuwa hamsini. Nliutazama mshale kwa macho yangu."

"Basi mwanangu kauliwa na hamsini," Mwanapili akasema.

Ubwa alimjia Basil dukani kwa muuza kahawa, akamvuta pembeni. Safari hii hakuwa na maneno mengi. "Tuseme?"

"Ukisema utaulizwa nani kalifunga."

"Na wewe utaulizwa nani kakataa kigia." Ubwa akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na grisi. "Mtu mmoja keshabeba lawama, Basil. Ya nini tuwe watatu?"

Basil akarudi kwenye kahawa yake. Hilo ndilo lililokuwa jibu, na wote wawili walilielewa. Tangu siku ile Basil akawa anakula bila kusikia ladha, na Badriya akidhani ni huzuni ya gari.

Mzee Abdulhakim akashitakiwa kwa kuendesha kwa hatari na kuua. Siku moja kabla ya kesi, Magharibi ikikaribia, mlangoni ikabishwa hodi. Alikuwa Mzee Abdulhakim. Basil akamwambia shikamoo, akampisha kwenye kiti kizuri. Badriya akaleta chai na mandazi.

"Chai sinywi, mwanangu, nimefunga," mzee akasema. Akauegemeza mkongojo ukutani, karibu na ule msumari, ambao haukuwa na ufunguo. "Nimekuja kukutaka radhi. Gari ya baba yako nimeimaliza mimi."

"Mzee, usiseme hivyo."

"Niache niseme. Mimi nliapa mbele ya mama yake Ayoub kuwa nlikuwa hamsini. Nikawa nafikiri kila usiku. Siku ile nliona mikarafuu inanipita mbio. Nikajiuliza, mbona barabara inakimbia? Nikatazama mshale, hamsini. Nikasema huu uzee. Sasa Ridhwan kasema sitini, na Ridhwan hana ugomvi na mimi. Gari imekaguliwa, nzima. Wewe mwenyewe umesema nzima, na wewe huwezi kusema uongo juu ya gari ya nadhiri. Basi kilichobaki ni macho yangu. Macho yangu yaliona nilichokitaka. Kwa hiyo kiapo changu kilikuwa cha uongo. Nafunga siku tatu za kafara ya kiapo hicho, leo ya mwisho. Na kesho nnakiri mbele ya hakimu. Wanifunge tu."

Basil aliuona ukweli wote umelala katikati ya chumba, na yeye ndiye pekee wa kuuokota. Neno moja lingetosha. Difu. Alilisikia likipanda kifuani. Akamtazama Badriya amesimama na sinia, akawaza jina la baba yake, akawaza pazia la Mwanapili, na kwamba akisema, kesho atakayesimama mbele yake ni yeye.

"Nimekusamehe, mzee," akasema.

Adhana ya Magharibi ikasikika. Juu ya kabati kulikuwa na tende za kufuturia, na Basil akainuka akamletea, akampa moja kwa mkono wake. Mzee Abdulhakim akaila polepole, kisha akainua viganja.

"Mungu akulipe kheri kwa moyo wako huu," akasema, "na amrehemu baba yako, aliyemlea mtu mkweli."

Basil akaitikia amin.