Wanaounga Mkono

Mkono wa tatu wa muuguzi Atuganile ulitoka asubuhi, katika wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya huko Chanika, wakati maji ya kuchemshia vifaa hayajachemka. Alikuwa peke yake zamu. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kichwa cha mtoto anayezaliwa, wa kushoto unakanda tumbo la mama anayetoka damu, na mama wa kitanda cha tatu akapiga kelele kwamba mtoto anakuja. Mkono mpya ukachomoza chini ya kwapa, una kucha zake zote, ukamwahi.

"Sista, huo umeunawa?" mama yule aliuliza.

"Bado. Subiri kidogo," alisema Atuganile, akaunawa.

Kufikia masika alikuwa na mikono sita. Fundi wake wa Chang'ombe alidai kitambaa zaidi kwa ajili ya sare, basi. Dk. Edgar, mganga mfawidhi wa kituo, alilalamikia glavu, kwamba siku hizi zinaisha haraka. Kisha akafikiri vizuri, akamhamishia Jovina dirisha la chanjo. Jovina ndiye muuguzi aliyekuwa akija kumsaidia Atuganile mchana.

"Si una mikono bwana," Dk. Edgar alimwambia. "Wenzako wana miwili tu na hawalalamiki."

Hapo alisema kweli, na ndipo panapotia hasira. Wauguzi wa kituo kile walinung'unika kwenye korido, wakanung'unika kwenye chai, wakanung'unika kwenye kundi la WhatsApp mpaka simu zikaishiwa chaji. Kwenye kikao cha tawi la chama chao hawakukanyaga.

"Chama kitanisaidia nini mie?" Jovina alipenda kusema. "Viongozi wanajijua wenyewe."

Ijumaa moja mchana alikufa Hope, mama wa kitanda cha dirishani. Alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Damu ilimtoka kimyakimya ikaingia kwenye godoro, na mikono yote ya Atuganile ilikuwa kwenye vitanda vya upande wa mlango. Mikono ilikuwa sita. Miguu ilikuwa ileile miwili, na macho vilevile. Mume wa Hope, Praygod, alikuwa amekaa nje na chupa ya uji, na uji ulikuwa bado wa moto.

"Mikono sita, na mgonjwa anakufa?" Dk. Edgar aliuliza. "Ulikuwa unaifanyia nini?"

Atuganile alikuwa akimfunga Hope kidevu kwa bandeji. Mikono miwili ilifunga, mingine ilikuwa ikimfuta damu.

Siku iliyofuata, Marietha, katibu wa tawi, aliitisha kikao katika ukumbi mdogo karibu na kituo. Hoja ilikuwa moja: muuguzi asiachwe peke yake wodi ya wazazi, na tawi zima liende kumwambia hivyo mkurugenzi wa halmashauri. Kikao kingehesabika halali wakifika watu ishirini. Kwenye kundi kila mmoja alikuwa ametuma kijipicha cha ngumi na maneno "tupo pamoja". Walikuja watano.

"Wanaounga mkono hoja?" Marietha aliuliza, kwa sababu ndivyo kikao kinavyokwenda.

Atuganile aliinua yote sita. Wengine wakainua mmojammoja. Marietha akahesabu kwa kidole, akarudia.

"Watano."

"Mikono ni kumi, Katibu," alisema mzee Leonardi, muuguzi wa wodi ya wanaume.

"Shikamoo yako ipo palepale, mzee wangu. Lakini tunahesabu watu. Akidi haijatimia." Akafunga daftari lake. "Haijatimia tena."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Jovina, na nyuma yake wauguzi wengine wote wa kituo, wamependeza, hakuna aliyechelewa. Walikuja kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mdogo wake Jovina, kilichokuwa kinafuata katika ukumbi uleule.

"Poleni na kikao jamani," Jovina alisema. "Sie tupo pamoja na nyie. Mmefikia wapi?"

Marietha alimtukana tusi ambalo katibu wa tawi hapaswi kulijua. Hakuna aliyejali.

"Viti vimekaa vibaya," Jovina aliendelea. "Sista Atu, we mwenye mikono, tusogezee basi."

Atuganile akavisogeza, sita kwa mpigo, na kila kiti kikapata mtu. Mwenyekiti wa kamati alitangaza kwa furaha kwamba wajumbe wametimia. Walipiga makofi.

Jumatatu Atuganile aliingia zamu peke yake. Mkono wa saba ulitoka kabla ya chai. Dk. Edgar alipouona, aliagiza kitanda kingine kiletwe, kikawekwa dirishani, pembeni ya kile cha Hope.