Mkono wa Nahodha

Watu wa baiskeli za mbio wana ugonjwa wao, na dawa yake haijapatikana, ingawa mwenzao mmoja ni mfamasia. Kila Ijumaa jioni walikutana kwenye baraza la duka lake la dawa, wakaegemeza baiskeli ukutani, kisha wakaanza kubishana. Tairi nyembamba au pana? Miwani ya njano au ya moshi? Upepo ujazwe mpaka wapi? Mfamasia alikuwa na baiskeli ya kaboni, nyepesi ya kuinuliwa kwa vidole viwili, na ringi mpya alizozificha stoo nyuma ya maboksi ya dripu ili mkewe asizione. Dereva, ambaye juma zima alishika usukani wa lori la mafuta, alipanda chuma kizito cha zamani. Mwenzake akijisifia wepesi wa baiskeli alimwambia, "Punguza kwanza kitambi, bwana, ndipo upunguze spoki."

Aliyewatuliza ni Nahodha. Huyu alikuwa fundi saa, mwanzilishi wa chama chao, na hadithi zote za safari ndefu zilikaa kinywani mwake: ile ya mvua ya mawe, ile ya mbwa waliowakimbiza mpaka ndani ya uzio wa kituo cha polisi. Akisimulia, hata mgonjwa aliyekuja kununua dawa ya jino alisahau jino lake.

Kando yake, sindano mkononi, aliketi mdogo wake wa kike. Alikuwa fundi cherehani, na yeye ndiye aliyewashonea wote kaptura za kuendeshea, zile zenye sponji chini. Wakamwita Dada Sponji. Hakuchukia. "Bila mimi," aliwaambia, "mngekuwa mnakula chakula mmesimama."

Ijumaa hii hakutania mtu. Alikuwa na jambo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki tangu Jumapili iliyopita, na wa kumwambia hakuwa naye.

Jambo lenyewe ni hili. Watu hawa wakienda safari hupangana mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu, karibu kugusana, ili wa mbele amkate mwenzake upepo. Aliye nyuma haoni barabara. Anaona mgongo na makalio tu. Kwa hiyo wa mbele akikuta shimo hushusha mkono na kulionyesha, wa pili naye huonyesha, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mkono usiposhuka, barabara ni safi. Hakuna anayechungulia kuhakikisha. Ukianza kuchungulia utaambiwa humwamini mwenzako, na kwao hilo ni tusi.

Basi Jumapili, karibu na kiwanda cha saruji, Nahodha alishusha mkono wa kulia. Dada Sponji, ambaye siku zote alikuwa wa pili, akakwepa huku akitupa jicho. Ala! Shimo liko wapi? Palikuwa na kiraka kipya cha lami, wafanyakazi wa barabara walikuwa wamelifukia katikati ya juma. Akajisemea ni mazoea tu. Lakini mbele kidogo lilikuwepo shimo jipya la kumeza mbuzi, na mkono haukushuka. Nahodha alipita ukingoni pake akipiga mluzi. Dada Sponji akapiga kelele, "Shimo!" na nyuma yake watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Kaka yake hakuwa akiyaona mashimo. Alikuwa akiyakumbuka.

Kesho yake alimfuata kwenye kibanda chake cha saa. Alimkuta na kioo cha ufundi jichoni, anaokota skrubu kwa koleo. Alimuuliza bila kuzunguka, na yeye akajaribu kufanya mzaha, kisha mzaha ukamwishia.

"Ni presha ya macho," alisema. "Daktari kasema kilichokwenda kimekwenda. Nikikutazama usoni nakuona vizuri, hata hicho kipele cha kidevuni. Lakini huku chini..." Akapitisha kiganja chini ya kidevu chake. "Huku pamefutika."

"Wifi anajua?"

"Anajua natia matone. Anadhani ni vumbi."

"Kaka, waambie wenzako. Kaa nyuma, mwingine aongoze."

"Nikae nyuma nifanye nini, nimtazame Dereva makalio?" Alicheka peke yake. Halafu akavua kile kioo, akakishika kwa mikono miwili. "Mdogo wangu, saa siku hizi nani analeta? Watu wana simu. Nashinda hapa nafukuza nzi. Ni siku moja tu katika juma watu wananiita Nahodha na kunifuata. Ukiniondolea hiyo umeniua. Usinivue nguo mbele za watu."

Angefanyaje? Mama na baba walipofariki, kaka huyu ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha baiskeli, akikimbia nyuma yake ameshika kiti, anahema, na siku alipoachia akadanganya kuwa bado ameshika. Mficha maradhi kifo humuumbua, Dada Sponji aliijua methali hiyo, lakini kumwambia mtu aliyekulea kwamba amekwisha ni jambo lingine. Wakakubaliana. Yeye atakuwa nyuma yake na atamtajia mashimo kwa sauti ya chini, na kaka atashusha mkono. Funika kombe mwanaharamu apite.

Ndiyo maana Ijumaa hii alikaa kimya. Jumapili walikuwa wanakwenda kwenye daraja la chuma, safari ya kutwa nzima, kwa barabara ambayo Nahodha hajaipita tangu azaliwe. Alipoona mazungumzo yamelegea, akajaribu.

"Hivi kaka si angepumzika kuongoza mara moja?" alisema. "Njia ngeni hii. Na umri nao."

Mfamasia akaangua kicheko. "Nahodha apumzike? Mtu anaokota skrubu ndogo kama chawa, ashindwe na shimo? Dada Sponji, kama unautaka unahodha sema tu, tupige kura!"

Wakacheka wote. Nahodha alicheka kuliko wote, na hakumtazama dada yake hata mara moja. Ilimuuma sana hiyo.

Jumapili wakaondoka asubuhi na mapema, chupa zimejaa, helmeti zimefungwa, Mfamasia na ringi zake za kificho zinang'aa. Dada Sponji alijibana nyuma ya kaka yake, akaanza kazi. "Kushoto." Mkono ukashuka. "Kulia, kubwa." Mkono ukashuka. "Changarawe." Kiganja kikapunga. Alikuwa haendeshi tena, alikuwa anasoma barabara kwa sauti. Koo lilimkauka, macho yakamwasha kwa vumbi, na alitamani kwa siri wakosee mahali padogo, watu washtuke. Hawakukosea. Mambo yalikwenda vizuri mno, jamani, mpaka yakatisha.

Darajani wakapumzika kwenye kibanda cha chai. Mfamasia alimpiga Nahodha begani. "Barabara hujawahi kuikanyaga na hukukosa shimo hata moja! Wewe ni mtu au jini?"

"Barabara husikika mikononi, bwana," Nahodha alijibu, amejiegemeza, kikombe kinafuka moshi. "Ukiushika usukani vizuri, unakwambia kabla hujafika."

Dada Sponji alimtazama kaka yake usoni kutafuta aibu kidogo. Haikuwepo. Alikuwa ameisadiki hadithi yake mwenyewe. Wenzake walimsikiliza midomo wazi, na papo hapo wakapanga mwezi ujao wakapande mlimani, walale huko, siku ya pili washuke. Nani ataongoza mteremko? Swali gani hilo! Nahodha akakubali kabla hawajamaliza kumwomba.

Walipokuwa wanajaza maji chupani, dada alimvuta kando. "Kaka, mteremko ule upepo unavuma. Na kasi ile. Hutanisikia."

"Utapaza sauti."

"Kuna watu kumi nyuma yetu. Wana watoto."

"Basi utapaza sana," alisema, akampa kisogo.

Wakarudi. Jua likawachapa, mstari ukakatika, kila mtu akawa na lake. Baada ya machimbo ya mawe kuna kilima kirefu, na pale walipanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Dada Sponji alitazama nyuma: Mfamasia yuko mbali, Dereva mbali zaidi, anasukuma chuma chake na kutukana kilima. Akatazama mbele. Shimo lilikuwa pale, upande wa kushoto, sawasawa na gurudumu la kaka yake. Alifungua mdomo.

Hapo alipiga hesabu ambayo mtu wa baiskeli pekee angeipiga. Wao husema mlimani haumii mtu. Kuanguka mteremkoni ni kifo, kuanguka kilimani ni goti kuchubuka na kicheko. Atajikwaa, alijiambia. Atachubuka, watamuuliza umekosaje kuona tundu lote hilo, na atalazimika kusema mwenyewe. Alipiga moyo konde, akafunga mdomo.

Alisahau kitu kimoja tu. Wakati uleule Nahodha alikuwa amesimama juu ya pedali, uzito wote umelala kwenye usukani. Gurudumu likazama, baiskeli ikasimama, na yeye akapita juu yake kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori. Bega lilitangulia, likakuta jiwe. Mlio ule Dada Sponji aliusikia vizuri, na aliendelea kuusikia siku nyingi.

"Kaka! Kaka yangu!" Alikuwa amepiga magoti lamini, anamfungua helmeti.

Wenzake wakafika wakihema. Hata hapo, mtu anaugulia chini, ugonjwa wao haukuwaacha. "Tairi nyembamba hizi, nilisema!" Dereva alifoka. "Si tairi, ni upepo, amejaza kupita kiasi," Mfamasia akajibu huku anamfunga mkono kwa fulana. Nahodha, uso umekuwa wa majivu, alimtazama dada yake bila kupepesa.

"Ni tairi," alisema.

Hospitali walimwambia mtulinga umevunjika mahali pawili, na bega limetoka. Kesho yake jioni wenzake walijaa kuzunguka kitanda chake, wakatengeneza hadithi ya lile anguko, kila mmoja akiongeza chake, mpaka nesi akawatoa. Wifi akaenda kutafuta maji ya moto. Wakabaki wawili.

"Uliliona?" Nahodha aliuliza.

Angeweza kusema hapana. Jua lilikuwa machoni, angesema, au vumbi. "Niliona, kaka."

"Kubwa?"

"Kubwa."

Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka chini ya bandeji. "Mimi sikukuachia kiti mpaka ulipoweza kwenda mwenyewe," alisema mwishowe. "Hata mara moja sikukuangusha. Toka."

"Kaka, nilidhani..."

"Nimesema toka!"

Alitoka. Mfamasia na Dereva walikuwa wamesimama kwenye korido karibu na mlango. "Usilie, Dada Sponji," Mfamasia alisema, "mfupa huunga. Mlima tumeusogeza mbele. Miezi michache tu, Nahodha mwenyewe kasema, atarudi mbele kama kawaida."

Kama kawaida. Basi alikuwa amemvunja kaka yake bure. Dada Sponji aliuegemea ukuta, na maneno aliyoyameza muda wote huo yakamtoka yote, tena kwa sauti, hakujali nani anasikia. "Harudi mbele. Kaka haoni chini. Hakuliona shimo, hayaoni mashimo yoyote, nilikuwa namtajia mimi. Na lile sikumtajia."

Hakuna aliyemkumbatia. Mfamasia alimtazama kama mteja aliyeleta cheti cha kughushi. "Tangu lini unajua?"

"Tangu kabla ya daraja."

"Na ukatuacha tumfuate?" Alimsogelea. "Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeinamisha kichwa, natazama mgongo wako! Mkono wako ulishuka nikauamini, haukushuka nikauamini. Nina watoto watatu, wewe mwanamke!"

Dereva aligeukia dirisha. Dada Sponji alisema tu, "Najua," akafuta pua kwa kiganja.

Ndani ya chumba kitanda kililia. Mlango ulikuwa wazi, na kila neno lilikuwa limemfikia. Walipogeuka walimwona Nahodha ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja umefungwa kifuani, miguu mitupu inaning'inia. Ndala zake zilikuwa sakafuni, zimepangwa vizuri, shubiri moja tu kutoka vidole vyake.

Aliwatazama usoni mmoja mmoja, Mfamasia, kisha Dereva, kisha dada yake. Kisha akaanza kupapasa kwa mguu, kulia, kushoto, akipapasa mahali pasipo na kitu.

"Mdogo wangu," aliita, na hakupunguza sauti. "Njoo. Ndala zangu sizioni."

Wanaume wawili walisimama pale mlangoni wakiutazama ule mguu unaotafuta. Dada Sponji aliwapita, akapiga magoti sakafuni, akamshika kisigino, akamvisha ya kwanza.