Kichuguu Kisichochimbwa

Mzee Lazaro Nsofwa alikuwa mwana wa Chola, binti Mumba, binti Kapasa, wa ukoo wa Uyoga. Na kwa kuwa Wabemba humhesabu mtu kwa upande wa mama, hao ndio waliompa jina na heshima. Mjomba wake, Kaunga, alikaa miaka mingi katika baraza la chifu akiamua kesi za mipaka, wala hakutokea mtu wa kusema kwamba aliwahi kula rushwa. Mjomba wa Kaunga, Chitundu, hakununua jembe kabla ya kuligonga kwenye jiwe na kuusikiliza mlio wake. Watu wa namna hiyo hawaachi mali nyingi. Huacha macho.

Kwa macho hayo Mzee Nsofwa alikuja mjini Jumamosi moja, katika mji ambao mgodi wake ulikuwa umefungwa zamani, ili aikague nyumba ambayo mjukuu wake Mwewa na mumewe Davisi walitaka kuinunua. Mwewa alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto huyo angekuwa kitukuu cha kwanza cha mzee. Davisi alikuwa amekwisha kuahidi kutia saini Jumatatu. Lililobaki lilikuwa neno la mzee, kwa sababu shamba lililouzwa ili nyumba ipatikane lilikuwa lake.

"Utaona mwenyewe, Shikulu," alisema Davisi walipokuwa wakiteremka garini, akimwita babu kwa Kibemba kama ilivyo desturi. "Nyumba haina kasoro hata moja."

"Nyumba isiyo na kasoro haiuzwi," alijibu mzee. "Na wewe uliyeniibia mke wangu Mwewa, nyamaza kwanza. Mwizi hashauri."

Mwewa alicheka akamshika babu yake mkono.

Mwenye nyumba, Bwana Katongo, aliwapokea langoni kwa kupiga makofi ya heshima, akawaletea munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi na mizizi. Mzee alimshukuru na kuiacha bilauri mezani. Kwake yeye, kinywaji cha muuzaji hunywewa baada ya biashara.

Ndipo akaanza. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, chumba baada ya chumba, akitafuta mahali palipopigwa lipu mpya. Aliinama kutafuta alama ya maji ya mafuriko, hakuiona. Aliuliza maji ya mvua huelekea wapi, shimo la choo liko umbali gani na kisima, waya za umeme ni za mwaka gani, na kama kuna kituo cha mafuta karibu. Bwana Katongo alijibu kila swali kwa utaratibu, na kila jibu lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomkera mzee. Mtu mwenye nyumba nzuri hulalamika. Husema mlango huu unakwaruza sakafu, paa lile linanisumbua. Huyu hakuwa na la kulalamikia, na bado alitaka kuhama upesi.

Walipotoka uani, mzee alisimama. Ua wote ulikuwa umesakafiwa kwa saruji, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mahindi mnapanda wapi?" aliuliza.

"Hatupandi, mzee wangu. Mke wangu hapendi matope."

"Maboga?"

"Sokoni yamejaa."

"Mbemba asiye na shina moja la boga nyumbani kwake!" Mzee aligeuka, akamtazama machoni. "Ardhi imekukosea nini?"

Bwana Katongo alicheka kicheko kirefu kuliko swali.

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka upande wa pili wa ukuta. "Nani huyo anayeuliza maboga kama mkwe mwenye njaa?" Kilemba kilichomoza, kisha uso mpana wa mama wa makamo. Alikuwa Mama Chilufya, jirani. "Karibuni, wageni. Mzee, wewe ni wa ukoo gani?"

"Uyoga."

"Hee! Uyoga!" Mama Chilufya alipiga ukuta kwa kiganja. "Na mimi ni wa Mvua! Bila sisi nyinyi mngeota wapi, wazee wa kukauka?"

"Mvua gani wewe," mzee alimrudishia, kwa maana Mvua na Uyoga ni watani tangu enzi na enzi. "Umande tu, jua likichomoza umekwisha."

"Basi nunua, Uyoga, nunua! Hapa ndipo penyewe. Ila uyoga ukiota hapa hauliwi. Na mkishahamia msihangaike na mchimba kaburi; kumzika Uyoga ni kazi yetu sisi Mvua, nami nitaanza na ule mdogo uliomo tumboni."

Davisi aliangua kicheko. Mzee naye, ambaye si mwepesi wa kucheka, alicheka hata akajifuta macho. Mtani humtukana mtani, humzika na kuivamia karamu yake, na hakuna anayekasirika. Bwana Katongo pekee hakucheka safari hii.

"Twendeni nyuma," alisema haraka. "Nyuma ni pazuri, pana upepo."

Mlango wa nyuma wa ua ulifunguka kwenye uwanja mtupu, na mbele kidogo kilisimama kichuguu, kirefu kuliko mtu, chekundu na kizima.

Mzee Nsofwa alikitazama, na kile kicheko kikamkauka mdomoni. Kwao kijijini hakuna kichuguu kilicho jirani na nyumba za watu kinachobaki kizima. Wafyatua matofali hukikata, wanawake huchukua udongo wake kusiriba sakafu, na wajawazito hukimega mpaka kibaki kisiki. Hapa palikuwa na mji mzima wa wafyatua matofali na wajawazito, na hakuna aliyekigusa kwa jembe wala kwa ukucha. Ni nani aliyewakataza? Aligeuka amuulize Bwana Katongo.

Lakini Mwewa alikuwa amekwisha kutangulia. Kwa wiki kadhaa alikuwa akinunua udongo wa kula sokoni kwa hamu ya mimba. Sasa alikuwa amemega bonge, amelinusa, na kulitia kinywani.

"Tema!" Mama Chilufya alipiga yowe kutoka ukutani. "Tema, mwanangu! Tema yote!"

Utani haukuwamo katika sauti ile. Mwewa alitema, akatema tena, na Davisi akakimbia kumletea maji. Mama Chilufya alikuja akizunguka ukuta mbio, bila kandambili, akamsukutua mwenyewe kwa kidole chake kama anavyosukutuliwa mtoto mchanga.

"Mama Chilufya," alisema Bwana Katongo kwa sauti ya chini, "unaniharibia biashara."

"Nilinyamaza vya kutosha, baba. Jirani hawezi kumfukuzia jirani mnunuzi kwa mdomo mtupu. Nikapitia kwenye utani, na huyu mzee akanichekea!" Alimgeukia Mzee Nsofwa. "Vumbi la mgodi limekaa kwenye udongo huu wote, mzee. Ni risasi, madini yenye sumu. Ile ya bunduki ina nafuu, maana hupiga kelele. Mjukuu wangu alitolewa damu kliniki, wakaikuta humo. Ana miaka saba na hawezi kuhesabu vidole vyake. Sisi tutakwenda wapi? Lakini nyinyi mnakuja kwa kununua!"

"Watoto wangu wamekulia hapa na ni wazima," alisema Bwana Katongo.

Mzee aliliokota bonge lililoanguka, akalipangusa, akamnyooshea kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Onja."

"Mimi si mjamzito, mzee wangu."

"Nimekuomba uonje. Sikukuomba uzae."

Bwana Katongo alilitazama lile bonge, kisha akaificha mikono yake mgongoni.

Mzee aliliacha lianguke. Alikwenda kwa Mama Chilufya, akavua kofia yake. "Mvua," alisema, "uliniambia wazi nami nikacheka."

Garini Davisi alishika usukani bila kuwasha injini. "Shikulu, kodi ya nyumba inatumaliza. Ua una saruji. Tungemkataza tu asile udongo..."

"Mtoto wako atatambaa wapi? Upepo utaukataza kwa barua?" Mzee alikaa wima kwenye kiti. "Sikilizeni, nyinyi wawili, kwa maana sitarudia. Jumatatu hakuna saini. Jumatatu Mwewa anapimwa damu, na wewe, Davisi, unakaa naye kwenye foleni hata iwe ndefu namna gani. Kwenye nyumba nyingine yoyote, kabla ya kusikia bei, mtawauliza kina mama wa jirani wanachimba wapi udongo wao, wanapanda nini, na watoto wao wakipimwa huonekana nini. Na wakiwajibu kwa mzaha, msicheke mpaka muwe mmeelewa. Mmesikia?"

"Tumesikia, Shikulu," alisema Mwewa.

"Kusikia hata ukuta husikia. Nataka mzingatie."