Dawa ya Kuinama

Mume wangu, fundi cherehani, akilala kifua kinamchoma kama sindano. Akiinamia cherehani, maumivu yanapoa. Basi akaapa kwamba kazi ndiyo dawa yake, akashona wiki nzima bila kupumzika. Nikamburuta hospitali.

“Mfuko unaozunguka moyo umevimba,” daktari akamwambia. “Ndiyo maana ukiinama unapata nafuu. Meza vidonge, na cherehani uiache kabisa mpaka upone.”

“Sasa nitainamia nini?” akafoka.

Tulipofika nyumbani nikamwekea ungo wa mchele mapajani. Anainama, anatoa mawe, anapumua vizuri. Jana kamtambia jirani kwamba kuchambua mchele ni dawa kubwa.

Eti dawa! Mimi nimeuinamia ungo huohuo miaka ishirini, naye kazi yake kuuliza mbona chakula kinachelewa.