Fungu la Bi Swaumu

Kila Ijumaa asubuhi Sitara alichuma mboga juu ya paa la zege la jengo lao pale Mchafukoge, akazifunga mafungu na kuwateremshia majirani. Alilima mchicha, nyanya na maboga ndani ya viroba na ndoo za rangi. Majirani walilipia mwanzo wa mwezi, kama mtu anavyolipia king'amuzi, na kila mmoja alilikuta fungu lake mlangoni kabla ya adhana ya adhuhuri.

Masika yalipoingia, goti la Sitara lilivimba, ngazi zikamshinda. Ijumaa hiyo mmea wa maboga uliteremka wenyewe. Ulifuata ngazi, ukakunja kona, ukaacha majani mlango hadi mlango bila kumruka mteja hata mmoja. Josepha wa ghorofa ya kwanza akapiga simu.

"Dada Sitara, mboga nimeipata. Ila uambie huo mmea uniletee majani machanga, haya yamekomaa."

"Nitauambia," Sitara akajibu.

Goti lilipopoa, alishuka taratibu kuangalia kazi ilivyokwenda. Akakuta tawi moja limeingia kwa Khalfani, ambaye hakuwahi kujiandikisha. Khalfani aliuza sufuria kwa jumla Kariakoo, na aliishi peke yake tangu mama yake, Bi Swaumu, arudi Kilwa kupumzika. Ndivyo alivyowaambia watu. Tawi lilikuwa limepanda geti la chuma, likapita juu ya kufuli na kuzama kwenye tundu la hewa.

Sitara akalivuta. Ndani, mtu naye akalivuta.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," ikajibu sauti ya kizee. "Ila ufunguo anao Khalfani."

Sitara akasogeza uso kwenye tundu. "Shikamoo, Bi Swaumu. Si uko Kilwa?"

"Marahaba. Kilwa nitafikaje na mlango umefungwa? Nilipotea njia mara moja tu, pale Msimbazi, askari wakanirudisha. Mwanangu akaona haya. Ananiachia mkate na maji. Gesi ameichukua, anasema nitaunguza nyumba."

"Na hayo majani unayapikaje?"

"Nayatafuna hivyo hivyo. Matamu, mwanangu. Mungu akulipe."

Sitara aliliachia tawi. Mwaka mzima alikuwa akipita mbele ya geti hilo na mafungu mikononi. Jioni alimwita mjumbe wa mtaa, Mzee Sadalla, wakamsubiri Khalfani ngazini. Majirani wakatoka kusikiliza.

Mjumbe aliukagua mmea kwa makini. Akauliza ni wa nani, unamwagiliwa kwa maji gani, na kama unaziba njia. Akaamua usogezwe ukutani, watu wasije wakajikwaa.

"Na huyu mama?" Sitara akauliza.

"Hayo ni mambo ya familia, Sitara. Tusiingie ndani ya nyumba ya mtu."

Khalfani hakukasirika hata kidogo. Alilishika jani moja, akatabasamu. "Kumbe mama anapenda mboga! Basi, dada, mwandikishe na yeye. Nitamlipia."

"Sitaki malipo yako. Fungua mlango!"

"Nitafungua nikipata msaidizi wa kukaa naye. Wasaidizi wa siku hizi unawajua mwenyewe."

Josepha akasema wanaume wachache wanawakumbuka mama zao namna hiyo. Wengine wakaitikia. Sitara aliwatazama mmoja mmoja, akakosa hata mmoja wa kumuunga mkono.

Tangu hapo mmea unateremka kila Ijumaa, na watu wameuzoea. Sitara naye hushuka na kigoda, akakaa mbele ya geti. Khalfani hajapata msaidizi. Sitara humenya nyuzi za majani, mama mzee humsimulia habari za Kilwa kutoka upande wa pili, na majani laini hupenyezwa kwenye tundu la hewa.

Ijumaa iliyopita Josepha alipita na kikapu, anawahi sokoni. Akapandisha gauni, akauruka mmea kwa uangalifu mkubwa asije akaukanyaga.

"Pole na kazi, dada."

"Pole mpe aliyemo humu ndani," Sitara akamjibu bila kuinua uso.

"Shikamoo, Bi Swaumu!" Josepha akaita huku anashuka.

Marahaba ilipotoka kwenye lile tundu, ngazi zilikuwa tupu.